Kasi ya Mashine si Kipimo cha Akili: Funzo Kutoka Ubao wa Sataranji

Kuna mazoea ambayo yameota mizizi miongoni mwetu, nayo ni ya kuipima kila mashine kwa tarakimu moja. Gari huulizwa linakimbia kilomita ngapi kwa saa; tarakilishi huulizwa inafanya hesabu ngapi kwa sekunde. Aghalabu anayeitaja tarakimu hiyo huitaja kana kwamba ni sifa isiyobadilika, mfano wa kimo cha mtu mzima. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo, na kwamba ushahidi ulio wazi kabisa umo katika jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa pumbao tu, yaani programu za tarakilishi zinazocheza sataranji. Programu moja, katika mashine ile ile na siku ile ile, huwa na kasi fulani mchezo unapoanza, kasi nyingine vita vinapopamba moto, na kasi nyingine kabisa kete zinapokuwa zimesalia chache. Ni nini kinachoibadilisha? Na jambo hilo lamhusu vipi mwalimu mwenye darasa la wanafunzi hamsini?

Kwa kuwa taaluma yangu ni isimu, sina budi kuanza na maneno. Sataranji si mgeni katika Kiswahili. Neno lenyewe lilitujia kwa njia ya Kiarabu, shatranj, nacho Kiarabu kililipata katika Kiajemi, na asili yake ya mbali ni Kisanskriti, chaturanga, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Kamusi zetu zina kitunda, ile kete ndogo iliyo nyingi kuliko zote ubaoni, na zina shaha, yaani mfalme. Nayataja haya kwa sababu yupo msomaji atakayedai kwamba mambo ya tarakilishi hayaelezeki kwa lugha hii. Namwomba asubiri mpaka mwisho wa makala ndipo atoe hukumu.

Mchezo huu huchezwa katika ubao wa miraba 64, kila upande ukiwa na kete 16. Mchezaji wa kwanza ana hatua 20 anazoweza kuchagua. Mpinzani wake naye ana 20 za kumjibu. Kwa hivyo, baada ya kila mmoja kusogeza kete mara moja tu, kuna njia 400 ambazo mchezo ungeweza kufuata. Baada ya hatua 3 njia hizo ni 8,902. Baada ya hatua 4 ni 197,281. Baada ya 5 ni 4,865,609. Na baada ya 6, yaani kila mchezaji akiwa amecheza mara tatu tu, ni 119,060,324. Tarakimu hizi si makisio. Zimehesabiwa na kuhakikiwa mara nyingi, na watengenezaji wa programu huzitumia kukagua iwapo programu zao zinazijua sheria za mchezo barabara.

Mwaka wa 1950 Mmarekani Claude Shannon alichapisha makala yaliyoweka msingi wa fani hii. Alikadiria kwamba mkao wa kawaida wa kete hutoa hatua halali zipatazo 30, na kwamba idadi ya michezo inayowezekana ni 1 ikifuatwa na sufuri 120. Hakuna mashine itakayoimaliza idadi hiyo. Ndipo akapendekeza kwamba mashine ichunguze hatua kadhaa tu mbele, isimame, iupe kila mkao alama kwa kuhesabu kete na kupima zilivyokaa, kisha irudi nyuma na kuichagua njia ambayo mpinzani, hata akijibu kwa ustadi wake wote, hataweza kuidhuru sana. Mwingereza Alan Turing naye aliandika kanuni za namna hiyo, na mwaka wa 1952 akazitekeleza kwa kalamu na karatasi, yeye mwenyewe akiwa ndiye mashine, dhidi ya mwenzake Alick Glennie. Kanuni zake zilishindwa, lakini mbegu ilikuwa imepandwa.

Tuufananishe basi uchunguzi huo na mti. Mkao wa sasa ni shina. Kila hatua ni tawi. Kila jibu ni kitawi juu ya tawi. Mti ukiachwa umee ovyo, hakuna atakayeufikia upeo wake. Kwa hiyo programu hupogoa. Mkulima wa kahawa hana haja ya kufundishwa maana ya neno hili. Tuseme umekwisha kuipata hatua moja iliyo salama. Sasa unaichunguza ya pili, na jibu la kwanza tu la mpinzani laonyesha kwamba atamla malkia wako bure. Je, kuna haja ya kutazama majibu yake mengine 29? Hapana. Hatua hiyo imekwisha kuwa mbaya kuliko ile uliyo nayo mkononi. Ibaya kwa kiasi gani si hoja. Tawi zima hukatwa.

Faida ya upogoaji huu ni kubwa ajabu. Tuseme kila mkao una hatua 36, nasi twataka kuona hatua 6 mbele. Bila kupogoa, ncha za matawi ni 2,176,782,336. Tukipogoa, na tukibahatika kuitazama hatua bora kwanza kila mara, ncha tunazolazimika kuzifikia ni 93,311 tu. Bilioni mbili na ushei zimekuwa chini ya laki moja, na jibu ni lile lile. Bila shaka hakuna programu inayobahatika kila mara, kwani kama ingeijua hatua bora mapema, isingekuwa na haja ya kutafuta. Hata hivyo, programu nzuri hukaribia.

Sasa twaweza kusema kasi ni nini. Ni idadi ya mikao ambayo programu huifikia kwa sekunde moja. Katika kila mkao kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kuorodhesha hatua zinazowezekana. Ya pili ni kuicheza hatua na baadaye kuifuta. Ya tatu ni kuutathmini mkao, yaani kuupa alama. Ukiyakumbuka matatu haya, mengine yote yataeleweka bila taabu.

Mwanzoni mwa mchezo mara nyingi hakuna kasi ya kupimwa. Programu iliyopewa kitabu cha ufunguzi hucheza hatua za kwanza kwa kunakili kilichoandikwa humo, mfano wa mwanafunzi aliyekariri beti za mwanzo. Kitabu kinapokwisha, ndipo kazi inapoanza. Kete nyingi zingali ubaoni, lakini zimebanana. Ngome imefungiwa pembeni, malkia hana njia. Idadi ya hatua si kubwa mno, ila kila tathmini ina mengi ya kutazama.

Katikati ya mchezo ndiko kwenye msitu. Njia zimefunguka, na kete ndefu zinafika mbali. Malkia mmoja aliyesimama katikati ya ubao mtupu ana miraba 27 ya kuendea. Kila upande unatishia na kutishiwa. Hapa kuna kazi ya ziada ambayo msomaji asiyeijua programu hawezi kuifikiria: mashine haithubutu kusimama na kutoa alama wakati kete zinaliwa. Ikisimama mara tu baada ya malkia wake kula kitunda, itajisifu kwa faida, kumbe hatua inayofuata malkia naye analiwa. Kwa hiyo hulazimika kuyafuata maliwano yote mpaka pawe shwari ndipo itathmini. Mkao wenye maliwano mengi huwa na mkia mrefu wa kazi. Mfalme naye hana budi kuchungwa, maana hatua yoyote inayomwacha wazi si halali. Basi kazi kwa kila mkao ni nzito, na kasi hupungua.

Mchezo ukielekea ukingoni, kete hupungua na kazi zote tatu hupungua nazo. Orodha ya hatua ni fupi. Tathmini ya aina ya zamani, ile inayoitazama kete moja moja, ina kete chache za kutazama. Maliwano ni haba. Programu nyingi huuwakilisha ubao kwa namba zenye biti 64, biti moja kwa kila mraba, na kuzipitia kete mojamoja kwa kufuata biti zilizowashwa. Kete zikiwa 6 badala ya 30, mzunguko huo ni mfupi mara tano. Ndiyo maana anayeitazama skrini huona tarakimu ya kasi ikipanda kadiri mchezo unavyosonga. Mashine haijabadilika. Swali ndilo lililobadilika.

Lipo jambo jingine linaloipandisha kasi hiyo, nalo ni kumbukumbu. Katika sataranji, mkao mmoja huweza kufikiwa kwa njia nyingi: ukisogeza farasi kwanza kisha kitunda, au kitunda kwanza kisha farasi, mwisho wake ni ule ule. Mwaka wa 1967 programu ya Richard Greenblatt katika chuo cha MIT, Marekani, ilitumia jedwali la kuhifadhia mikao iliyokwisha kuchunguzwa, na mwaka wa 1970 Albert Zobrist akaeleza njia nyepesi ya kuupa kila mkao namba yake ya utambulisho. Programu ikikutana na mkao unaojulikana, huchukua jibu lililohifadhiwa na kwenda zake. Kete zikiwa chache, njia tofauti hukutana mara nyingi zaidi, na jedwali hutumika mara nyingi zaidi.

Mfano maarufu ni mkao nambari 70 katika kitabu cha Reuben Fine kuhusu hatima za mchezo, kilichochapishwa 1941. Mkao wenyewe ulitokana na mchezo wa Emanuel Lasker na Gustavus Reichhelm wa 1901. Kuna kete 9 tu: wafalme wawili, vitunda vinne vyeupe na vitatu vyeusi. Vitunda vyote saba vimekabiliana na kuzuiana. Hakuna kinachoweza kusogea. Kinachobaki ni wafalme kutembea. Hebu tufanye hesabu. Tuseme kila mfalme ana hatua 5. Kuona hatua 20 mbele bila kupogoa wala kukumbuka chochote ni kutazama njia zaidi ya trilioni 95. Lakini mikao tofauti ni mingapi, maadamu vitunda havijaliwa? Mfalme mmoja miraba 64, wa pili 64, na zamu mbili: haiwezi kuzidi 8,192, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa sababu miraba saba imekaliwa na wafalme hawaruhusiwi kukaribiana. Programu yenye jedwali huizamia hatima hiyo kwa kina kinachostaajabisha, na kuiona hatua ya ushindi, ambayo ni mfalme mweupe kusogea mraba mmoja tu kutoka pembeni. Programu isiyo na jedwali huzunguka pale pale, ikijibu swali lile lile mara milioni na kila mara ikidhani ni jipya.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atofautishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kasi na kina. Turudi kwenye hesabu yetu ya upogoaji bora. Penye hatua 36, kila hatua moja zaidi ya kina huizidisha kazi kwa takriban 6. Penye hatua 9, huizidisha kwa 3. Tuipe mashine kasi isiyobadilika ya mikao milioni 1 kwa sekunde, na dakika moja ya kufikiri. Ina mikao milioni 60. Katikati ya mchezo itafika kina cha hatua 10, kwa kuwa 6 ikizidishwa yenyewe mara kumi ni 60,466,176. Katika hatima ya mchezo itapita hatua 16. Kasi ni ile ile, muda ni ule ule, lakini upeo umesogea hatua sita. Sasa tuiongeze kasi mara mbili, kwa gharama tunayoijua sisi wanunuzi. Katikati ya mchezo tutapata nini? Hata nusu ya hatua moja hatuipati. Ili kuongeza hatua moja kamili pale, kasi haina budi kuzidishwa mara sita.

Mashine iliyotikisa dunia katika uwanja huu ni Deep Blue ya kampuni ya IBM. Februari 1996, mjini Philadelphia, ilishindwa na bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa alama 4 kwa 2. Mei 1997, mjini New York, ikamshinda kwa alama 3.5 kwa 2.5. Magazeti yaliandika kwamba iliona mikao milioni 200 kwa sekunde, na tarakimu hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Walioiunda, Murray Campbell, Joseph Hoane na Feng-hsiung Hsu, walieleza mambo kwa uangalifu zaidi katika makala yao ya 2002. Katika mikao yenye mapambano makali, ambapo hatua moja humlazimisha mpinzani jibu moja kwa mfululizo mrefu, kasi ilikuwa takriban milioni 100. Katika mikao tulivu ilikaribia milioni 200. Katika mashindano ya 1997, wastani wa uchunguzi uliozidi dakika moja ulikuwa milioni 126, na kasi ya juu kabisa iliyodumu ilikuwa milioni 330. Mashine moja, tarakimu nne, na zote ni za kweli. Anayeuliza kasi ya Deep Blue bila kusema katika mkao gani, swali lake halijakamilika.

Wala tusidhani kwamba kasi hupanda daima kadiri kete zinavyopungua. Zipo sababu tatu za kuirudisha chini au kuifanya isiwe na maana. Kwanza, siku hizi kuna majedwali makubwa yenye majibu kamili ya hatima zote za kete chache. Majedwali ya Ronald de Man yaitwayo Syzygy yalitolewa 2013 kwa kete zisizozidi 6, na kufikia 2018 yale ya kete 7 yalikuwa yamekamilika, yakihitaji nafasi ya takriban terabaiti 18. Programu inayoyatumia hulazimika kusoma kutoka kwenye diski, na diski ni konokono ikilinganishwa na prosesa. Basi kasi huanguka, lakini jibu linalopatikana ni la uhakika. Mwenye kuitazama tarakimu ya kasi peke yake angedhani mashine imechoka, kumbe imekwenda maktabani.

Pili, ziko njia za mkato ambazo hazifai mwishoni. Programu nyingi hujiuliza: lau ningemwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo, ningali na hali nzuri? Ikiwa jibu ni ndiyo, tawi hilo halina haja ya kuchunguzwa zaidi. Mbinu hii huokoa kazi nyingi katikati ya mchezo. Lakini wafalme na vitunda vinapobaki peke yao, mara nyingi balaa ni kule kulazimika kusogea; mwenye zamu ndiye anayeangamia, na angepona kama angeruhusiwa kukaa kimya. Hapo mbinu ile hudanganya, kwa hiyo programu huiweka kando na kurudia kazi ndefu.

Tatu, namna ya kutathmini imebadilika. Mwaka wa 2018 Yu Nasu wa Japani alibuni aina ya mtandao wa neva bandia kwa ajili ya shogi, mchezo wa Kijapani ulio jamaa ya sataranji. Septemba 2020, programu ya Stockfish katika toleo lake la 12 iliuchukua ubunifu huo. Idadi ya mikao kwa sekunde ilipungua, na uwezo wa kucheza ukapanda. Hekima ya mtandao huo ni kwamba kete moja ikisogea, hauhesabu upya kila kitu bali hurekebisha sehemu chache tu. Lakini katika muundo wake wa awali, kila kete iliandikwa kwa kurejelea mahali alipo mfalme. Mfalme akisogea, hesabu za upande wake zilianza upya. Na ni lini mfalme hutembea sana? Ni mwishoni mwa mchezo, anapotoka ngomeni na kuwa mpiganaji. Hivyo faida ya uchache wa kete ikapunguzwa na matembezi ya shaha.

Asiyeridhika na hayo na autazame mwaka wa 2017. Programu ya AlphaZero ya kampuni ya DeepMind, iliyojifunza kwa kucheza dhidi yake yenyewe, ilichuana na Stockfish ya wakati huo katika michezo 100. Stockfish iliona mikao milioni 70 kwa sekunde. AlphaZero iliona 80,000. AlphaZero ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikupoteza hata mmoja. Wapo waliolalamikia masharti ya shindano lile, na walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, aliyeona mikao michache karibu mara 900 hakushindwa. Alijua pa kutazama.

Je, haya yote ni ya nini kwetu? Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza katika warsha ya walimu wa shule za upili. Baada yangu alisimama mwuzaji wa tarakilishi, akazisifu bidhaa zake kwa tarakimu moja ya kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hakuna aliyemwuliza ni kasi ya kufanya nini, katika hali gani, na yenye kumbukumbu kiasi gani. Fedha zilizokuwa zikizungumziwa zilikuwa za wazazi, wengine wakiwa wameuza mbuzi kulipa karo. Mtu aliyeuelewa mfano wa vitunda saba vilivyozuiana angejua kwamba mashine ya kasi isiyo na kumbukumbu ya kutosha ni msafiri mwenye mbio asiyejua kwamba anauzunguka mti mmoja.

Hasara ya fedha, hata hivyo, ni ndogo ikilinganishwa na hasara nyingine. Sisi walimu huwapima watoto kwa njia ile ile. Mwanafunzi anayemaliza maswali 50 kwa dakika 40 huitwa mwerevu. Anayekwama katika swali la saba huitwa mzito. Mara chache tunauliza swali la saba lilikuwa mkao wa aina gani. Huenda lilikuwa msitu wa katikati ya mchezo, nayo mengine yalikuwa hatima nyepesi. Huenda yule wa kwanza alikuwa akisoma kitabu cha ufunguzi, yaani alikariri, na huyu wa pili ndiye pekee aliyekuwa akifikiri. Kasi inaeleza habari za swali kama inavyoeleza habari za anayejibu, na mwalimu anayezichanganya habari hizo mbili humdhulumu mtoto.

Katika uwanja wangu mwenyewe jambo hili huonekana kila sentensi inaposemwa. Msikilizaji akisikia neno la kwanza, "kile", uwanja umekwisha kupungua: anajua kuwa kinachokuja ni cha umoja katika ngeli ya KI-VI. Akisikia "kile kisu", na kisha "ki-" ya kitenzi, anajua kiima ni nini na anangoja tu wakati na tendo. Upatanisho wa kisarufi ni upogoaji. Kila kiambishi hukata matawi. Ndiyo sababu twaweza kumkamilishia mwenzetu sentensi kabla hajafika mwisho, na hatuwezi kuikisia kabla hajaanza. Hakuna anayesema kwamba msikilizaji alikuwa mjinga mwanzoni na akawa mwerevu mwishoni. Mtoto anayesoma polepole mistari ya kwanza ya hadithi, na kuharakisha anapowajua wahusika, anafanya kazi yake sawasawa. Kumkemea katika mstari wa kwanza ni kuikemea Deep Blue kwa kuwa na kasi ya milioni 100 badala ya 200.

Simaanishi kwamba kasi haina thamani. Bila kasi, Deep Blue isingemshinda Kasparov, na mwanafunzi asiyejua jedwali la kuzidisha atataabika katika aljebra. Ninachosema ni kwamba tarakimu ya kasi haina maana mpaka iandamane na maswali mengine: kina gani kilifikiwa, kumbukumbu ilitumikaje, na jibu lilikuwa sahihi? Hata programu mbili haziwezi kulinganishwa kwa tarakimu hiyo bila uangalifu, kwani hazikubaliani juu ya kinachohesabiwa. Moja huuhesabu mkao uliopatikana jedwalini, nyingine hauuhesabu.

Kwa mwalimu wa hisabati au wa tarakilishi, napendekeza zoezi moja. Stockfish hupatikana bure, nayo hufanya kazi hata katika mashine ya kawaida ya shule. Wape wanafunzi mikao mitatu: mmoja wa baada ya hatua chache za ufunguzi, mmoja wa katikati wenye malkia na ngome zote, na ule wa Fine. Kila mmoja upewe dakika moja. Waandike kasi na kina kwa kila sekunde kumi, wachore grafu mbili, kisha waeleze kwa maneno yao ni kwa nini grafu hizo hazifanani. Halafu wabadilishe ukubwa wa kumbukumbu ya jedwali, warudie. Watakuwa wamejifunza vipeo, wastani, na namna ya kuitilia shaka tarakimu, ambayo ni elimu ya manufaa kuliko sataranji yenyewe.

Na zoezi hilo liandikwe kwa Kiswahili. Msomaji niliyemwomba asubiri sasa aweza kuhukumu. Mti, tawi, kupogoa, kina, mkao, jedwali, tathmini: maneno haya tulikuwa nayo, na kila moja lilifanya kazi yake. Pale tulipohitaji kukopa, tulikopa prosesa, biti na diski, kama wazee wetu walivyoikopa sataranji yenyewe. Mwanafunzi atakayeulizwa mashine ina kasi gani, na akajibu kwa utulivu, "Katika mkao upi?", atakuwa amefuzu, hata kama jibu hilo alichelewa kulitoa.